Historia ya Joanitha Kahigi, Mama wa Laini ya Wazazi

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa Ijumbi na wa Kanazi, naitwa Mwesiga, marehemu ni shangazi yangu, mimi ni fundi simu pale Kagondo na simu ya kunishinda haijatengenezwa, shule niliiacha kidato cha pili lakini kusoma najua, kwa hiyo mnaonong'ona kwa nini hakusimama mwenye digrii, tulieni.

Joanitha alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Ijumbi, wilaya ya Muleba, mtoto wa tatu wa mzee Kahigi, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1969 hadi 1975, na mwaka 1980 akaajiriwa Bukoba mjini kuwa opareta wa simu, kazi aliyoifanya miaka kumi na sita bila kusikiliza siri ya mtu, kama alivyojisifu mwenyewe, ingawa mimi nilimbishia mpaka anaugua.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na Bartholomayo hapa Kanazi, wakajaliwa watoto watatu, Avit, Immakulata na Joyness, na sehemu inayofuata wazee waliniambia niiruke, ila Avit mwenyewe amesema isomwe: mwaka 1991 Shangazi, kwa uchovu na hasira, alimpiga Avit akamvunja mkono, mkono huo haunyooki hadi leo, na mama yake hakuwahi kujitafutia kisingizio.

Ndiyo maana Februari 2019 alijitolea kwenye laini ya simu ya wazazi waliozidiwa na malezi, wakiwa wanne wanaopokezana simu moja, niliyoitengeneza mimi, na sharti lao lilikuwa kutomwuliza mtu jina wala kijiji. Mzazi akipiga huku hasira imemjaa, Shangazi alimwambia amlaze mtoto mahali salama, atoke nje aende kibanjani kwenye migomba, ahesabu mikungu ya ndizi, simu asikate, yeye atamsikiliza mtoto mpaka mzazi arudi, nami nilimtania kwamba sasa anaijua idadi ya ndizi zote za Kagera, akacheka, na wote walikuwa wanarudi.

Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipiga mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minane, akasema mume wake hataki tena kusikia kilio ndani ya nyumba, akatoka kwenda kuhesabu, hakurudi. Shangazi alimwimbia mtoto yule aliyekuwa analia kwa dakika arobaini, kisha mtoto akanyamaza ghafla, mwanaume akakohoa karibu na simu, ikakatwa. Nilimwambia anipe namba nimtafute, akajibu kwa upole wa Kihaya, waitu Mwesiga, sharti ni sharti, na tangu hapo chakula hakikupita, tarehe 11 presha ikapanda akaanguka jikoni, akalazwa hospitalini, na kila aliponiona aliuliza kama mtoto amelia, mpaka Jumatano tarehe 2 Julai, saa tisa alasiri, alipofariki.

Wenzake wameniachia simu mimi kwa leo tu, siku ya mazishi. Leo asubuhi niliipiga ile namba, akapokea mwanaume, kabla sijasema neno akaniuliza kwa Kihaya mama wa simu anazikwa saa ngapi, wakati Shangazi hakuwahi kumtajia mpigaji hata mmoja jina lake, wala sisi hatujawaambia wapigaji kwamba amefariki.

Kwa hiyo sharti nimelivunja mimi, jina la mwenye namba nimelipata, sitalisoma hapa, ila analo afisa ustawi wa jamii na polisi wanalo, na wewe uliyeuliza, kama umeketi katikati yetu na umekula chakula cha msiba wetu, ujue nyumba yako inafahamika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zote ishirini na mbili, majirani wa Kanazi mliopika na kulala nasi, na wale watatu wa laini ambao tangu Jumatano hawajaacha simu ilie bila kupokelewa.

Shangazi, ugomvi wetu wa sharti tutaumalizia siku nyingine, wewe umesikiliza vya kutosha, pumzika kwa amani, sisi tukishakufukia tunakwenda kumchukua mtoto.