Anold Nandonde, Aliyekataa Kunyamaza Mnadani

Ndugu waombolezaji, tumekuja kumsindikiza Anold Mathayo Nandonde, mtu mbishi tuliyempenda hivyo hivyo.

Alizaliwa Newala tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa Mzee Mathayo na Mama Agnes. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, akashuka Mtwara kufanya kazi bandarini. Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Upendo, ambaye alimvumilia mengi.

Mwaka 1990 alianza kununua samaki mnadani, Ufukoni. Wanunuzi walikuwa na mtindo wao: wanapatana mapema nani atataja bei, wengine wananyamaza ili bei isipande, kisha wanagawana mzigo nyuma ya vibanda. Anold naye alikuwemo, na alifaidi. Hadi asubuhi moja ya mwaka 1998, Bi Mwanakombo, mjane aliyekuwa akichokoa pweza miambani, alipoona bei yake imekwama akauliza, "Jamani, leo wote mmekuwa mabubu?"

Watu wakacheka. Anold hakucheka, alipandisha bei. Rafiki yake Mustafa, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yake kununua, akamvuta shati. "We Anold, umerogwa? Si tulikubaliana!"

"Tuazimane barafu, tupakie gari moja, huo ni ujirani," Anold alimjibu. "Lakini kumnyamazia huyu mama ni kumwibia."

Walimtenga. Akakosa barafu, akakosa nafasi kwenye gari, samaki wakamwozea, na nyumbani ikawa kisamvu mchana na jioni mpaka watoto wakanuna. Ilimuuma sana, wala hakuficha. Hata hivyo kila asubuhi alirudi kutaja bei. Mustafa, kwa hasira tu, akaanza kumpandishia bei. Wengine nao wakaingia, mnada ukawa mnada kweli. Msimu uliofuata yeye na Mustafa walishaanza kupakia gari moja tena, huku wakitukanana kwa mapenzi.

Mwaka 2006 moyo ulianza kumsumbua, akawa mtu wa kulazwa na kutoka. Mustafa alipokwenda kumtazama mara ya mwisho alimwambia, "Inuka bwana, nani atanipandishia bei?"

Anold alitabasamu. "Leo nakuachia."

Alifariki alfajiri iliyofuata, tarehe 9 Machi 2007. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, na Mustafa, aliyeomba mwenyewe kubeba jeneza upande wa mbele.

Mungu ampe pumziko lenye amani. Amina.