Toleo la Baba Kijino

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi wetu, na ninyi wenzangu tunaohitimu leo, hamjambo?

Nimeambiwa niseme kwa niaba ya darasa. Shule yangu ni ndogo, mtanivumilia.

Mume wangu ni mpima barabara, yuko kambi ya mbali ambako simu hushika kwa kubahatisha. Kabla hajaondoka alimwandikia binti yetu, Kijino, programu ndogo kwenye kompyuta ya nyumbani. Kila asubuhi nilimsomea swali lake: "Kijino, umepiga mswaki, au umelowesha mswaki tu?" Mtoto akaijibu kwa sauti, kama vile baba yake yuko jikoni.

Shemeji yangu akaja kuisafisha mashine. "Shemeji, nimekuwekea kila kitu kipya." Programu ikanyamaza. Iliandikwa kwa toleo la zamani la lugha ya kompyuta, na shemeji alikuwa amelifuta. Kijino akaniuliza, "Mama, Baba ametununia?" Nikaja kujiandikisha hapa, kozi ya kompyuta.

Wenzangu, mnakumbuka mlivyonicheka? Kila nikiiomba mashine isakinishe ile lugha, inaniletea toleo jipya. Nafuta, naomba tena, inaleta lile lile. Mwalimu akavuta kiti.

"Mama Kijino, ukienda dukani ukasema 'nipe viatu', watakupa vilivyo mbele. Tafuta kwanza matoleo yote yaliyopo, halafu taja unalolitaka kwa namba yake."

"Na hili jipya nilifukuze?"

"Ya nini? Yatakaa yote mawili, kila moja na chumba chake."

Mwalimu, maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani kama yai. Nikatafuta, matoleo yakajipanga kwenye kioo, la mume wangu likiwa karibu na mwisho kabisa. Nikalitaja, likaja. Swali la mswaki likatokea. Kijino akakimbilia bafuni, akarudi, akaifungulia kompyuta mdomo imkague.

Je, programu ni mtu? Hapana. Bado namtaka mwenyewe, na buti zake za vumbi pale mlangoni. Lakini sasa najua kuandika mstari mmoja, na nimeuongeza kwenye kazi yake, kwa toleo lake lile lile. Siku atakayoketi pale akaandika jina lake, itamuuliza: "Baba Kijino, umefika, au umepita tu?"

Kwa masikio yenu na subira yenu, nawashukuru nyote.