Mwalimu Mchopa na Mistari Minne ya Mnyambe

Tarehe 28 Juni 2002 Mwalimu Cecil Mchopa atafunga kabati lake la chaki kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza, ishirini na sita kati ya hiyo hapa shuleni kwetu Newala. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike ukurasa wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ila sehemu ya kati haichangamshi, na naomba kamati inivumilie.

Alizaliwa Lulindi mwaka 1942, akasoma shule ya misheni, akaanza kazi Masasi mwaka 1968. Alipohamishiwa huku juu alikuja na baiskeli, na mkewe Mama Ethel, na sanduku la kamusi lililokuwa zito kuliko la nguo. Mama Ethel anasimulia mpaka leo kwamba siku ya kwanza hata maji ya kunywa hayajapatikana, mwenzake alikuwa ameshapanga kamusi zote ukutani. Sisi wa Newala tunajua maji yetu yanatoka mbali bondeni, kwa hiyo tunampa pole mama yetu.

Wanafunzi wake wa zamani wanachokitaja kwanza ni manila ya akili. Alikerwa na insha ambazo kila mtu ndani yake alikuwa “clever”, kuanzia mganga hadi sungura. Basi akabandika ukutani karatasi ya manila yenye maneno ya Kiingereza ya akili, kila neno na mwenyewe. “Clever”, alifundisha, ni mwepesi wa kushika mambo, basi. Hata mwizi anaweza kuwa hivyo. “Cunning” ni mjanja, na mfano wake ulikuwa paka wa mlinzi, aliyejilaza jikoni kama mgonjwa mpaka mpishi ageuke. “Shrewd” ni yule asiyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapo alimtaja Mama Yasinta wa mihogo pale langoni, na mama wa watu alipoambiwa alitembea kwa maringo wiki nzima. Mwisho kabisa “prudent”, yule anayepima kwanza ndipo anyanyue mguu. Hilo la mwisho tulilikariri wote. Kulielewa ilikuwa kazi nyingine.

Na tuseme kweli, zamani zile Mwalimu mwenyewe alipenda kasi. Alirusha swali, mkono wa kwanza kunyooka ulipigiwa makofi. Mwaka tulipowashinda watu wa Masasi kwenye mdahalo alicheza mpaka kiatu kikamvuka.

Sasa lile la Mnyambe. Wengi mmelisikia, na mmelisikia vibaya.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wa korosho ndiyo kwanza walikuwa wanaingia. Tulizoea kuuza kwa chama cha ushirika peke yake, mara kila wiki gari geni. Likizo ya Juni wakala wa kampuni moja alifika kijijini Mnyambe na mkataba wa kurasa mbili, wote Kiingereza. Wazee wakamwita binti mmoja wa kidato cha tatu, mwanafunzi wa Mwalimu Mchopa, awasomee. Lo, alipewa kiti cha mgeni, akachinjiwa kuku, akasifiwa mbele ya mama yake. Akasoma haraka, akatafsiri haraka zaidi, na watu wakafurahi. Ukurasa wa pili akakuta mistari minne asiyoielewa. Ilitosha kusema hajui. Aliona haya, akairuka, na watu wakatia dole gumba.

Mistari ile ilisema kwamba kwa misimu mitatu wasimuuzie mwingine yeyote, hata aje na bei nzuri namna gani. Novemba wakaja wengine na bei nzuri kweli. Mnyambe ikabaki kuyatazama magari yakipita kwenda vijiji vya jirani. Wapo watoto walioacha shule mwaka ule. Mzee Hamudi alikuwa ameshafyatua matofali ya nyumba mpya akingoja hela za korosho ayachome. Mvua ikayanyeshea yakarudi kuwa udongo.

Desemba Mwalimu alipata habari. Akapanda baiskeli mpaka Mnyambe, yule binti nyuma kwenye keria. Watu walikuwa wamekusanyika, wamefura kwa hasira. Mwalimu akawaamkia wazee, walioitikia wachache. Kisha akasema, “Wazee wangu, kosa ni langu. Huyu mtoto nimemfundisha kujibu haraka. Sikumfundisha kusema sijui.” Akaketi. Binti hakufungua mdomo.

Basi watu walimshika kwa maneno yake. Mnyambe mpaka leo wapo wanaoamini kwamba mkataba ule aliusoma yeye nyumbani kwake, akamwelekeza mtoto vibaya. Wengine walisema alikula na wakala. Wazazi wawili walihamisha watoto wao. Vijana wa kule wakawa wanapishana naye barabarani bila shikamoo, na kwa mtu wa umri wake, huku kwetu, hilo ni kofi. Hakujitetea hata siku moja.

Alichofanya ni kubadili darasa. Makofi ya mkono wa kwanza yaliisha. Aliyesema “Sijui, ngoja nitazame,” akaenda kutazama kweli, alipewa maksi. Mkaguzi aliuliza jambo hilo limo kwenye muhtasari gani. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba halimo, na ndiyo sababu analifundisha.

Yule binti ni mimi, Zena Lukmani, ninayefundisha Kiingereza darasa la jirani na lake. Mara mbili nilimwomba ruhusa niwaambie watu ukweli. Mara ya kwanza alinijibu nimalize shule kwanza. Mara ya pili, niliporudi hapa nikiwa mwalimu, alicheka akasema limeshapoa. Mwalimu, nakuheshimu, lakini kwangu halijapoa. Inaniuma kila nikikuona unasukuma baiskeli.

Siku ya sherehe wazee wa Mnyambe wamealikwa, Mzee Hamudi akiwemo, na wasifu huu utasomwa kwa sauti. Basi usomwe hivi: Mwalimu Mchopa hakuwahi kuuona mkataba ule kabla ya Desemba. Mistari minne niliiruka mimi, kwa kuona haya, mbele ya mama yangu na mbele yenu nyote. Nilinyamaza nikamwachia mzee wa watu aubebe mzigo wangu. Wazee wangu, naombeni radhi.

Mwalimu, asante. Kapumzike Lulindi na Mama Ethel, Mungu akupe afya na macho ya kusomea kamusi zako. Na siku ukipita Mnyambe, usikanyage sana pedeli. Pita polepole, watu wapate kukuamkia.