Fundi Mshono na Kiungo Kilichoachia

Tunayemsindikiza leo ni kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mshono. Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Mnivumilie nikisoma polepole. Nyumbani kwetu usingizi ulihama zamani.

Alizaliwa Machi 1957, kifungua mimba wa baba mwashi na mama mshona nguo. Alimaliza shule ya msingi, akaingia chuo cha ufundi, lakini hakufika mbali. Baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye.

Akaajiriwa kwenye karakana ya milango na madirisha, akiunga mabomba ya mraba na vyuma vya pembe. Mishono yake ya kuchomelea iling'aa, wateja wakamsifu. Mwaka 1983 alipewa kazi ya mnara wa tangi la maji la zahanati. Tangi lilipojazwa, kiungo kimoja kiliachia, mnara ukalalia ukuta. Hakuna aliyeumia.

Alikibeba kiungo kile hadi karakana ya mabasi, kwa fundi mmoja wa kike aliyesifika. Yule dada akakigeuzageuza.

"Hapa umepaka tu, kaka. Hujachomelea."

"Mbona kinapendeza?"

"Na mnara uko wapi?"

Akaanza upya, mtu mzima. Alijifunza kusugua kutu na rangi hadi chuma kiwe cheupe, kushikiza pembe zote kwanza, kuchomelea kwa kupokezana pande ili fremu isipinde, na kukipeleka kijiti cha kuchomelea karibu na chuma kwa mwendo mmoja, bila mbio wala kusuasua. Kila alichounga, yule dada alikipiga nyundo. Kikivunjika, anarudia. Siku nyundo iliposhindwa, kaka alikwenda kuusimamisha mnara upya, na hadi leo unabeba maji.

Mwaka 1985 alimwoa fundi huyohuyo. Shangazi alimuuliza kama kweli anataka mke wa kuvunjavunja vitu. Akajibu, "Anavunja vibovu tu, Shangazi."

Macho aliyalinda kwa ngao, kifua alikisahau. Moshi wa miaka yote ile ya kuchomelea ulianza kumdai pumzi mwaka 2019. Kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari ya kupumzika njiani. Tulimwinua, tukamlaza, tukamwinua tena. Siku moja alimwambia mkewe, "Nimewachosha."

Mkewe akasema, "Umetuchosha, ndiyo. Geuka huku nibadilishe shuka."

Akageuka.

Alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, mkewe alikwenda jikoni kumchemshia maji ya kunawa. Aliporudi na beseni, kile kifua kilichokuwa kikikoroma kilikuwa kimya. Akaketi kando yake hadi maji yakapoa, ndipo akatuita.

Ameacha mke, mabinti wawili, mwana mmoja wa kiume, wajukuu, na sisi wadogo zake.

Kaka, umeitafuta pumzi vya kutosha. Usihangaike tena. Lala kwa amani.