Samaki wa Kabeya kwenye ukuta wa kanisa

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema, nyinyi wote mliokaa karibu na redio na karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Mi nkambo wenu, mzee wa redio hii, naanza na kitendawili. Nyumba yangu imeandikwa na watu wasiojua kuandika. Ni nini? Fikirini polepole, nitarudi.

Leo tunamkumbuka Tata Gracien Kisimba, mwashi na katekista wa kanisa letu dogo, huku njia ya Nzilo. Tulimzika Jumamosi.

Kanisa hilo lilijengwa na wakristo wenyewe. Kila familia ilifyatua matofali yake. Kabla ya kuyachoma, baba, maana wengi hawakujua kuandika jina, alichora alama kwa kidole: jembe, jua, msalaba. Rafiki mkubwa wa Kisimba, Tata Kabeya, aliyetoka mkoa wa Kasai, alichora samaki. Watu walicheka!

"Kabeya, ile samaki iko sawa kiatu!"

"Basi Petro atavaa," akajibu.

Halafu ukaja mwaka wa 1992. Mnakumbuka. Watu wa Kasai wakafukuzwa hapa kwetu Katanga. Jirani wa jana akaitwa mgeni. Kabeya, mke wake na binti yao Mignonne wakalala gare ya Kolwezi, wakingoja treni. Kisimba aliwapelekea bukari, ule ugali wetu, na samaki wa kukausha. Siku ya treni, Kabeya alimshika mkono.

"Ndugu, ile tofali yangu mu kanisa, usiache baitoe."

Na kweli, vijana walitangaza: Siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa, tunatoa matofali yote ya Wakasai. Wangeyajua kwa alama. Ukuta ungebaki na matundu, na mvua ilikuwa karibu.

Sasa, kwetu wanawake hupaka udongo mweupe kila Noeli, kuzunguka altare tu. Kisimba akawaita Jumamosi, siku moja kabla, wapake ukuta mzima. Mke wake, Mama Mbuyu, ametuambia:

"Nilimuuliza, we tata, Noeli iko mu septembre? Akasema, mwaka huu Yezu anawahi mvua. Akashika ndoo."

Vijana wakakuta ukuta mweupe, pe!

"Tata Kisimba, onyesha ya Bakasai!"

"Mi mwenyewe siyaone tena. Mukitaka kubomoa, mutaanza labda na ya baba yenu."

Wakatazamana. Wakaenda zao.

Tangu hapo, kila Noeli ukuta mzima ulipakwa. Kabeya alifia Mwene-Ditu, kule Kasai, bila kurudi. Mwaka jana Mignonne alirudi, mama mzima sasa, akaomba kuona tofali ya baba yake. Kisimba akatikisa kichwa: "Bado, mwanangu. Mi ningali naogopa."

Lakini kitandani, siku zake za mwisho, alimwambia Mama Mbuyu: "Mukinizika, musipake tena. Muusukule tu, muuoshe ukuta."

Basi Jumamosi, tukitoka makaburini, wanawake walichukua ndoo na vitambaa. Udongo ukashuka. Jembe likatoka. Jua likatoka. Chini ya dirisha, samaki akatoka. Mignonne akapiga magoti, akapitisha kidole palipopita kidole cha baba yake.

"Aah, baba," akasema. "Ni kiatu kabisa!"

Tukacheka na machozi, kanisa zima.

Jibu la kitendawili mmeshalipata, nadhani.

Mama Mbuyu, watoto na wajukuu, poleni sana kutoka kwetu wote. Mungu ampokee Tata Kisimba. Na wewe unayenisikiliza: yuko jirani aliyeondoka siku zile, akakuachia kitu? Kama kingali kwako, usiku huu kipanguse vumbi. Mwenyewe, au mtoto wake, anaweza kufika kesho.