Ubao wa Mwalimu Mwanaima Chini ya Mikorosho

Mwalimu Mwanaima Maftaha anastaafu Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba, miezi miwili na siku ishirini na tano. Siku hizo tunazitaja kwa sababu yeye mwenyewe angezitaja.

Aliripoti kazini tarehe 5 Julai 1988, katika shule ya vyumba viwili huko milimani Kilwa, akiwa na sanduku la bati na cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu A. Watoto walizungumza Kimatumbi. Yeye alitoka Mtama na Kimwera chake. Wiki ya kwanza walimcheka. Akawaambia kila atakayemfundisha neno moja la kwao atafundishwa kuandika jina lake. Hadi muhula unakwisha, yeye alikuwa anasalimia wazee kwa Kimatumbi na darasa zima linaandika.

Mwaka 1999 alihamia kwetu, Shule ya Msingi Namihenje, akakabidhiwa darasa la nne. Hajaliacha tangu hapo. Waliopita mikononi mwake sasa ni wauguzi, madereva, wakulima na maafisa. Mmoja wao, mfanyakazi wa benki, alimkuta sokoni Mtanda akinunua dagaa, akamwamkia, kisha akamuuliza, “Bado unafundisha tu, mwalimu?” Alimjibu, “Marahaba. Na wewe bado unasoma?” Kijana alicheka. Mwalimu hakucheka. Hilo neno “tu” amelisikia muda wote wa kazi yake.

Tungependa kuendelea na visa vya namna hiyo, lakini kuna jambo moja ambalo ratiba hii ya kumuaga haiwezi kulipita.

Oktoba 2016 darasa la nne lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Waliokuwa wanafika shule ni kumi na wawili. Msimu wa korosho familia nyingi hapa huhamia kwenye vibanda vya mashambani mpaka mavuno yaishe, na watoto huenda nazo. Kila mwaka shule iliandika barua kwa wazazi, na kila mwaka watoto walirudi Desemba wamesahau kugawanya. Mwalimu Mwanaima alipaka rangi nyeusi kipande cha mbao, akakifunga kwenye baiskeli. Wale kumi na wawili aliwaunganisha na darasa la tano kwa Mwalimu Klementi, na yeye akawafuata ishirini na tisa waliobaki, katika shamba la Mzee Rehani Nandonde. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikubali mpango huo kwa mdomo. Hakuna aliyeuandika.

Jumanne, tarehe 11 Oktoba, afisa wa ofisi ya elimu alikuja kukagua. Alikuta saini ya mwalimu katika kitabu cha mahudhurio na chumba kitupu. Mwalimu mkuu alipoulizwa, alisema hakumbuki kutoa ruhusa. Wiki iliyofuata barua ya onyo kwa kosa la utoro kazini ilisomwa kwa sauti hapa uwanjani, mbele ya wazazi na wanafunzi. Mwalimu alisimama muda wote ikisomwa.

Mzee Rehani alinyanyuka. Alisema, “Huyu alikuwa kwangu, chini ya mikorosho, anafundisha. Kama huo ni utoro, niandikieni na mimi.” Aliambiwa akae, kwani mambo ya ajira hayamhusu mzazi. Walimu tulikuwa kumi na mmoja, aliyeandika haya akiwamo. Tulinyamaza wote. Kwa majuma kadhaa watoto wa madarasa ya juu walimwita “mwalimu mtoro” alipopita kisimani.

Novemba hiyo darasa lake zima lilirudi kufanya upimaji wa kitaifa. Walifaulu thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja, matokeo ambayo shule hii haikuwa imeyapata kwa miaka kumi. Hayo hayakusomwa uwanjani.

Ameandika rufaa sita. Mara mbili alirukwa katika kupandishwa daraja, na mara zote mbili sababu ilikuwa onyo lililo katika faili lake. Mwaka juzi lililetwa dodoso la kupima kama walimu wanaridhika na kazi. Aliacha visanduku vyote wazi, akaandika chini ya ukurasa: “Kazi naipenda. Pimeni pia jinsi mnavyonitazama.”

Julai mwaka huu kamati ya kumuaga, chini ya Mwalimu Batuli, ilimuuliza anataka zawadi gani. Ilikuwa imeshafikiria godoro na jiko la gesi. Alijibu, “Godoro ninalo. Nataka ile barua ifutwe, na kufutwa kwake kusomwe palepale iliposomwa.”

Tuliiandikia ofisi ya elimu. Tulijibiwa kwa simu kwamba aliyeandika onyo amehama na faili halionekani. Faili hilo lilionekana kila daraja lake lilipozuiwa. Limepotea sasa, linapotakiwa kumsafisha.

Kwa hiyo leo, Ijumaa, kipengele cha tisa cha ratiba ni kusomwa kwa barua. Ya ofisi ikifika, itasomwa. Hadi tunachapa ukurasa huu haijafika. Isipofika, itasomwa yetu, inayosema kwamba tarehe 11 Oktoba 2016 Mwalimu Mwanaima Maftaha alikuwa kazini, na kwamba sisi tuliokuwapo tulijua. Imesainiwa na walimu wote kumi na wanne wa sasa. Juu yetu kuna saini ya Mzee Rehani, kwa herufi alizojifunza kwenye ubao ule, akiwa amekaa nyuma ya wajukuu zake.

Mwalimu, asante kwa kila mtoto uliyemfuata. Nenda Mtama ukaishi kwa afya na utulivu, na uamkiwe kwa heshima yako yote. Siku ile ulisimama peke yako ikisomwa barua. Leo wewe utakaa, na sisi ndio tutakaosimama.