Bi Tarehe, Aliyesimamisha Mtambo kwa Ajili ya Taa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, msomaji prufu wetu mkuu, mwinda makosa kabla kitabu hakijachapwa, anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye faili. Sisi tunamwita Bi Tarehe, maana hata ukimpa salamu anaweza kukuuliza ni za mwaka gani. Nimeombwa niandike habari zake mimi, mwendesha mtambo, na walioniomba wana akili. Shule niliiachia darasa la saba, lakini kila kitabu cha kampuni hii kimepita mikononi mwangu. Wenye digrii wangapi wanaweza kusema hivyo?

Alianza kama mpiga chapa wa barua, chumba cha nyuma, jirani na choo. Mwaka wake wa tatu, akiwa ameshahamia meza ya prufu, ukaja muswada wa kwanza wa hadithi za mpelelezi wetu: karani wa posta anayefumbua mauaji katika mji wa enzi za mkoloni. Wenzake walikuwa wakitafuta koma. Yeye alibandika ukutani ramani ya mji ule wa zamani, akaanza maswali. Soko lilikuwa wapi? Treni iliingia saa ngapi? Askari walivaa viatu au walitembea peku? Mwandishi, mwalimu wa shule mwenye hasira za karibu, alilalamika kwamba anahojiwa kuliko wahalifu wake. Leo vitabu vimefika kumi na vinne, na mwalimu hamalizi sura bila kumpigia simu.

Lakini ukitaka kumjua vizuri, sikiliza habari ya kitabu cha saba. Kilisomwa na wengine, yeye akiwa likizo akimuuguza mumewe aliyevunjika mguu. Siku aliyorudi mtambo ulikuwa tayari unanguruma, nami nimesimama mbele yake kama rubani. Akaokota karatasi moja, akasoma jinsi shahidi alivyoiona sura ya muuaji chini ya taa ya barabarani. Akaenda kwenye ramani yake. Akarudi mbio, na Bi Tarehe si mtu wa kukimbia.

"Kaka, zima! Mtaa huu haukupata taa mpaka miaka minne baadaye. Huyu kaona nini gizani?"

Nikazima. Meneja akashuka ngazi mbili mbili. "Mama, wasomaji wanataka kujua nani kaua. Nani atakaa ahesabu taa?"

"Atahesabu bibi aliyekulia mtaa ule," akamjibu. "Tena kesi nzima inaning'inia kwenye hiyo taa. Bila taa, tumemfunga mtu bure."

Meneja akampa mpaka Alhamisi: kitabu kikichelewa, afungashe virago. Nyumbani mume yuko kitandani, watoto wawili wako shule, na mshahara ni huo mmoja. Mama wa watu akalivua bati la kuchapia kutoka mtamboni, akaliweka kitini, akalikalia. Kisha akaagiza chai.

Mwalimu akaitwa. Siku tatu walijifungia stoo, sisi masikio mlangoni. "Mwalimu, giza ni giza, usinipunguzie!" Jumatano mchana mwalimu akatoka anameremeta kama bwana harusi. Shahidi alikuwa fundi cherehani tangu mwanzo. Sasa, bila taa, haoni kitu. Anamdaka mtu koti gizani, na vidole vyake vinautambua mshono alioushona mwenyewe. Alhamisi asubuhi nikawasha mtambo.

Mpaka leo wasomaji wanatuandikia kuhusu ule mshono. Kuhusu taa, hajaandika hata mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya Bi Tarehe: kosa ambalo hukuliona, yeye alishapigana nalo.

Meneja naye ni muungwana. Wiki ile ile alitoa amri kwamba mtambo hauwaki bila sahihi ya Bi Tarehe, na mwezi uliopita alimbembeleza aongeze mwaka mmoja. Amekataa. Anasema vitabu vyote kumi na vinne amevisoma kama askari wa zamu. Sasa anataka kuvisoma amejilaza, usingizi ukimchukua kitabu kimwangukie usoni.

Asante, dada, kwa kila mara uliponizimisha mtambo nikakununia. Ulikuwa sahihi, ila zile mara mbili tunazozijua mimi na wewe. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa mchana, na vitabu ambavyo makosa yake hayako juu yako.